Baba Amekuja Rinkeby

Kwa Dada yangu mpenzi Dafrosa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Bujumbura. Je, mguu umepata nafuu? Mvua zimenyesha? Mimi ni mzima, ila mkono wa kulia umevunjika, na naandika kwa wa kushoto nikiwa mahabusu. Mkalimani wa polisi ataisoma barua hii kabla yako; shauri yake.

Uliniagiza nimtafute Baudouin, mkubwa wa wale waliomuua Baba mwaka wa tisini na tatu, nimuulize jambo moja tu: nani aliwaonyesha kwamba Baba kajificha kwenye shimo la kuivishia ndizi. Wewe siku zote ulisema ni Ludovic, mchumba wako. Kwa ajili hiyo tukamrudishia mahari yake, nawe ukabaki bila mume mpaka leo. Nilikujibu kwamba Baudouin haonekani. Nilikudanganya. Anakaa Tensta, kituo kimoja tu cha treni kutoka kwangu.

Hapa Rinkeby, mtaani kwangu huku kwa Waswidi, kuna mama wa Kirusi, Tania, anayetusomea vitabu vya kwao kila Jumamosi. Anasema katika vitabu hivyo shetani au maiti huingia mchana kweupe akakaribishwa chai, na hakuna anayeuliza kapitaje mlangoni. Wanamuuliza anataka nini. Maajabu yenyewe, anasema, ni moyo wa mtu. Nilimcheka kimoyomoyo.

Basi Jumapili iliyopita, natoka misa, nikamkuta Baba jikoni kwangu. Shingo iko wazi vilevile walivyomwacha, majani makavu ya mgomba yamemganda nyweleni. Nikampa chai. Kila akimeza, chai inamtokea pale kwenye jeraha na kuchuruzika mezani pamoja na damu. Nikapangusa. Nilipomuuliza anataka nini, alisema twende kwa Baudouin. Tukapanda treni, na mwanamke mmoja akaondoa mkoba wake kitini ili Baba akae.

Baudouin alitupokea vizuri mno. Akaleta pombe, akaionja yeye kwanza mbele yetu, kama desturi yetu inavyotaka, mgeni ajue haina sumu. Heshima hiyo ndiyo iliyonipandisha hasira. Nilichukua mchi wa kinu jikoni kwake nikampiga nao mdomoni, meno yakatawanyika sakafuni. Nikampiga mkono, nikausikia ukivunjika. Nikampiga mbavu. Binti yake Darlène alikuwa akinililia kwa Kiswidi niache, nami sikuacha. Nilimwambia Baba atazame, lakini Baba alikuwa ananitazama mimi.

Baudouin, huku akitema damu, hakukana kuua. Alisema anakumbuka mtoto aliyewapokea uani na kibuyu cha pombe, akaionja kwanza kwa mrija kama mwenyeji aliyefunzwa adabu, kisha kwa mrija huohuo akawaonyesha shimo. Niliinua mchi nimpasue kichwa asimalize. Baba ndiye aliyenidaka mkono, akaukunja mpaka mfupa ukaachia.

Dada, mtoto yule ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Usinitetee kwamba nilitishwa, hakuna aliyenigusa. Asubuhi ile Baba alikuwa amenichapa mbele ya wenzangu kwa sababu ya mbuzi aliyepotea, nami nilitaka naye apigwe. Kidogo tu, nilijiambia. Nilisimama nikaona panga la kwanza likimshukia, na kwa hilo la kwanza, Mungu anisamehe, nilifurahi. Mapanga mengine nayasikia hadi leo. Na ulipomtaja Ludovic matangani, niliitikia kwa kichwa. Ludovic hakuwepo hata kilimani kwetu siku ile, na nilijua.

Baudouin yuko hospitali, wanasema ataishi. Nisalimie shangazi Vumilia na majirani wote. Baba, ambaye amesimama nyuma yangu ninapoandika, anakusalimu sana. Nasikia Ludovic bado anatengeneza baiskeli Gitega, na mkewe alishafariki. Msalimie naye, Dada, kama utaweza kumtazama usoni.

Ni mimi mdogo wako,
Vénant