Waliobanana na Mama

9 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuacha. Mimi ni mzima wa wastani: macho yananichoka, ila cherehani bado inanisikiliza. Tukipigiana simu tunaishia "Unanisikia? Unanisikia?" mpaka salio linakwisha. Ndiyo maana nakuandikia.

Ungerudi leo ungepotea. Ule mlima wa nyuma ya nyumba, tulikokuwa tukiokota kuni, hauna mti hata wa dawa. Ni mabati mpaka kileleni. Mkondo ambao mama alitukataza kuuvuka umebaki mfereji wa takataka. Kwenye bomba tunapanga foleni alfajiri, na ndoo zinagombana kabla ya wenyewe. Sisemi watu hawa ni wabaya. Ni wengi, basi, na kila mmoja lazima alaze ubavu mahali.

Sasa wamefika makaburini. Ukuta ulianguka zamani, matofali yakaota miguu. Juzi nimepanda kumfagilia mama, nikakuta chumba cha mabati kimeegemea kaburi lake kama mtoto anayeegemea mzazi. Juu ya saruji zimeanikwa nepi. Akatoka mwanamke, mimba mbele, mtoto mgongoni, akapiga goti kidogo: "Shikamoo mama. Karibu nyumbani."

Karibu nyumbani! Nikaitikia marahaba, nikashika ufagio wangu nikashuka bila kufagia.

Nifanye nini? Tumebaki wawili tu. Nipe neno.

Dada yako


2 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana pa kukaa hapakuwepo. Kikohozi kimepungua. Macho yako yaonwe na daktari, usiyatibu kwa maji ya chumvi kama ulivyozoea.

Nepi juu ya mama! Dada, wafukuze. Nenda manispaa, nenda polisi, piga kelele. Kama kuna mtu anayeweza kupiga kelele ni wewe.

Sijawahi kukwambia ninavyoishi hapa, nisikutie simanzi. Chumba chetu kina vitanda vinane, na watu ni mara mbili ya vitanda. Mimi nafungasha samaki kiwandani usiku. Mwenzangu wa kitanda anafanya zamu ya mchana. Nikirudi, ameshatoka. Mwaka wa pili huu na sura yake siijui. Namjua kwa joto analoacha kwenye godoro. Siku nyingine najitupa kitandani nimechoka, nahisi kabisa kwamba nimemlalia mtu, naruka, nawasha taa. Hakuna mtu. Ni joto lake tu.

Unajua ninavyopata usingizi? Namuwaza mama pale juu, amelala peke yake, ana upepo, ana nafasi. Ni mahali pekee duniani ninapopajua ambapo hapajajaa. Usikubali wapajaze.

Mdogo wako, kitindamimba


25 Machi

Mdogo wangu,

Nashukuru kusikia kikohozi kimetulia. Habari ya kitanda imenikosesha raha. Nunua hata shuka lako mwenyewe, ulitandike juu ya joto la watu.

Nilikwenda manispaa. Nilikaa kwenye benchi mpaka likaacha alama mwilini. Kijana wa dirishani akasikiliza, akaniuliza, "Mama, marehemu amelalamika?"

"Nalalamika mimi."

"Wewe una nyumba. Hawa ninaowaona hapa kila siku hawana. Makaburi yale tumeyafunga, yamejaa. Wakizika tena hapo, njoo nitakusaidia. Wakilala tu, siwezi."

Nikatoka na hasira zangu nikazipandisha mlimani, niwamwagie wenyewe. Baba mwenye chumba alikuwepo, ni fundi wa kuchomelea mageti. Hakubishana. Alinivutia ndoo nikalie. Kwao walizaliwa wanaume tisa, shamba la babu likagawanywa, likagawanywa, mpaka fungu lake likatosha kusimama lakini si kulima. Akaja mjini. Mjini wamehamishwa mara nne. "Mama yako," akaniambia, "ndiye mwenye nyumba wa kwanza ambaye hajanifukuza." Nikacheka bila kupenda. Hasira ikishacheka imekwisha nguvu.

Wana binti wanamwita Chiriku, na kweli mdomo haupumziki. Shule imejaa, watoto wanaingia kwa awamu. Yeye ni wa mchana, kwa hiyo asubuhi anafanya hesabu zake juu ya saruji ya mama. Siku hizi anakuja kwangu kuomba vipande vya kitambaa. Juzi kaniambia, "Bibi wa chini hajakasirika."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Nikilaza sikio namsikia. Anasema kule chini wamebanana."

Nikamwambia aache upuuzi. Najua mtoto anasema analolisikia nyumbani, na kwao kila siku wanalia kubanana. Lakini tangu siku hiyo nikipanda kule natembea kwa vidole, kama mtu anayepita kwenye chumba wamelala wageni.

Nifike kwenye jambo lenyewe. Mvua zimeanza na mlima umepasuka. Nimeuona ufa kwa macho yangu haya mabovu, juu ya chumba chao, unaingia mkono. Miti ndiyo iliyokuwa imeushika mlima ule. Fundi anaujaza mawe. Nimemwambia ahame, akaniuliza kwa upole, "Twende wapi, mama?"

Chumba chako kiko kitupu. Kitanda chako, sanduku lako, basi. Nikiwapa kwa msimu huu wa mvua tu, utakasirika? Niliapa mbele yako kwamba hakitaingia mtu mpaka urudi, na kiapo si changu peke yangu. Nakungoja.

Dada yako


17 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini mvua hazijaingia ndani. Paa la upande wa jikoni lilikuwa linavuja tangu enzi za baba.

Nimekaa na barua yako siku nyingi, ndiyo maana nimechelewa. Dada, nisamehe, hapana. Wape blanketi, wape chakula, nitakutumia chochote nitakachopata uwape. Chumba usiwape. Watu wakiingia hawatoki, unajua. Ukimpa mtu mkeka wa msimu, mjukuu wake atakuja kukuonyesha mpaka wa kiwanja. Na mimi nikirudi nitalala wapi? Hapa nagawana kila kitu, mpaka mto. Nikifumba macho nakiona chumba kile na dirisha lake, hakuna mtu ndani. Niachie hicho.

Mwambie fundi atafute kwingine. Ufa wa leo haudondoki kesho.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Sijui kama u mzima, sijapata jibu lako. Mimi ni mzima.

Mlima umeanguka.

Ilikuwa asubuhi, mvua imeshakatika, jua limetoka kabisa. Nilikuwa nashona. Nilisikia kama lori linamwaga kokoto, likaendelea kumwaga, halikomi. Nilipotoka, kilima kilikuwa kimehama. Saruji ya mama ilibaki inang'aa imeoshwa, na pembeni yake palikuwa na udongo mwekundu mtupu.

Fundi alikuwa kazini. Mkewe alikuwa kwenye foleni ya maji na mdogo mgongoni. Watoto wa awamu ya asubuhi walikuwa shule. Chiriku ni wa mchana.

Walimtoa kwa mikono. Hakuwa na jeraha, ila udongo kwenye nywele. Mama yake alikuwa anauondoa punje kwa punje, hataki mtu amsaidie.

Sasa akazikwe wapi? Makaburi yamefungwa. Yale mapya ni ng'ambo ya mto, na daraja limekwenda na maji. Fundi alikaa mlangoni pangu na mtoto mapajani, amemfunika kwa koti lake la kazi lenye matundu ya cheche. Watu wamesimama, kila mtu anatazama chini. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Tumfungue mama."

Mzee mchimba kaburi alikataa, kisha akaniangalia, akachukua sururu. Tukavunja saruji. Hakufika hata kiunoni akasimama, akasema, "Shangazi, sogea pembeni." Sikusogea. Niliona viatu. Viatu vya ngozi, vya kiume, vikubwa. Mama tulimzika peku, na miguu yake ilikuwa ya kitoto.

"Usishtuke," mzee akaniambia. "Wakati wa ule ugonjwa maiti walikuwa wanaletwa kwa malori, tukafunguafungua palipokuwa laini. Saruji yenu ilikuja baadaye. Hapa, shangazi, kila kaburi ni ghorofa."

Mama alikuwepo, chini yake. Niliitambua khanga niliyompindia mwenyewe.

Miaka yote hiyo nimepanda kule kumwambia mama siri zangu, mtu baki akisikiliza katikati. Na yule mtoto alilaza sikio pale akanieleza, nikamwambia aache upuuzi.

Tukamweka Chiriku juu yao. Dua zikasomwa kwa mtoto, zikasomwa kwa mama. Ilipofika zamu ya yule wa viatu, msomaji akatutazama, nasi tukamtazama. Hakuna aliyejua jina.

Nakwambia jambo bila kukulaumu: nilikuwa nangoja jibu lako. Sasa wako chumbani kwako. Safari hii sikuuliza.

Dada yako


30 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Najua umeandika mara mbili baada ya ile, na majirani wamepiga simu. Sikuwa mgonjwa. Barua zetu zilipishana njiani, na ile yangu najua imekufikia. Kila nikishika kalamu naiona ikiwa mkononi mwako, lile neno langu la ufa wa leo.

Kitanda kimenishinda. Zamani nilikuwa nahisi nimemlalia mtu mzima. Sasa lile joto naliona dogo, fupi, limejikunja upande wa ukutani. Nimelala sakafuni wiki nzima, wenzangu wakaanza kunicheka, kisha wakaacha kunicheka.

Siku moja niliamua nisiende kazini, nimngoje yule mwenzangu. Aliingia jioni, mzee kuliko mimi, mvi mpaka kwenye nyusi, akanikuta nimekaa ukingoni. Akashtuka: "Kumbe ni wewe!" Kumbe na yeye alikuwa ananiogopa. Aliniambia ananisikia nikikohoa ndani ya mto. Nikamsimulia habari za mtoto, zote, mpaka barua yangu. Hakunipa pole. Alivua viatu, akalala upande mmoja, akaniacha upande wa pili. Nililala, dada. Mara ya kwanza tangu Aprili.

Usiniandikie kwamba si kosa langu.

Wapo bado chumbani? Usiwatoe. Nikirudi nitalala popote, hata jikoni panapovuja. Na yule wa viatu, hakuna aliyekuja kumuulizia? Namuwaza sana. Simjui, na ndiye aliyekuwa karibu na mama kuliko mimi.

Kitindamimba


22 Septemba

Mdogo wangu,

Nimeuona mwandiko wako nikakaa chini kwanza. Ahsante kwa kuwa mzima. Mimi naendelea, miwani nimepata, sasa nayaona mavumbi yote niliyokuwa nimesamehe.

Hukutaka nikwambie si kosa lako, na sitakwambia. Ila usilibebe lote kama urithi wa mwanamume pekee. Mimi nilikuwa na ufunguo mfukoni na ufa nimeuona. Tugawane.

Wapo. Mtoto alizaliwa Juni, kwenye kitanda chako, wa kike. Mama yake hazungumzi sana, lakini amemwimbia wimbo mara moja, nilimsikia kupitia ukutani. Fundi ameanza kupanda miche kule kwenye udongo mwekundu. Watu wanaing'oa wapate pa kujenga, anapanda tena. Wamesharudi kujenga, ndiyo. Mabati yamefika palepale.

Umeuliza kuhusu yule wa viatu. Habari za kaburi letu zilienea, na wiki iliyopita amekuja mwanamke kutoka mbali, makamo yangu, vumbi mpaka magotini. Kaka yake alikuja mjini kutafuta kazi mwaka wa ule ugonjwa. Waliambiwa tu kwamba kazikwa mlimani. Ameshakwenda kwenye milima mingi.

Nikampandisha. Akaniuliza kama kaka yake alikuwa na kovu, kama alikuwa na jino limepasuka. Nikamwambia tuliona viatu, na viatu huvaliwa na kila mtu.

"Kwa hiyo hujui kama ni yeye."

"Sijui, dada yangu. Ninachojua, hapa kuna mtu hajawahi kutembelewa."

 Kisha akavua kandambili, akakaa upande wa miguuni, akaanza kuongea taratibu, kama mtu aliyeingia tu sebuleni. Akampa habari za nyumbani. Baba yao kafariki, shamba limegawanywa, kisima kimekauka wamechimba kingine. Fulani kaolewa na fulani. Halafu akaanza kumtajia watoto waliozaliwa tangu aondoke, jina kwa jina, na kila mmoja ni wa nani na anafanana na nani. Jua likateremka, mabati yote ya mlima yakawa mekundu, moshi wa majiko ukapanda, na bado alikuwa anataja. Nilikuwa nimekaa pembeni nikisikiliza, na nilihisi, Mungu anisamehe, kwamba si mimi peke yangu niliyekuwa nasikiliza.

Mwisho sauti ikamkauka. Akapapasa saruji mpya kwa kiganja. "Wengine bado, kaka," akasema. "Ni wengi sana. Kesho nitakuja nikumalizie."

Nimemtandikia kwangu, chini, kati ya cherehani na mlango.

Dada yako