Binti Aliyeifungua Makala Yangu Chimala

Alhamisi, Mbeya. Ukungu umekaa Ilomba asubuhi nzima na mimi nimeshinda ofisini na koti. Lakini nimechangamka kama mtu aliyetoka kwenye mdahalo mzuri.

Na kweli nimetoka kwenye mdahalo mzuri.

Gazeti letu la mtandaoni linatafuta mtengenezaji wa kurasa za tovuti, mtu wa ule upande ambao msomaji anauona na kuubonyeza. Mkurugenzi aliniweka kwenye usaili kwa kuwa mimi ndiye mwandishi mkongwe wa safu. Nilikwenda shingo upande. Kwangu kazi hiyo ilikuwa kupaka rangi tu. Hoja nzuri, niliamini, itasomwa hata kwenye karatasi ya kufungia maandazi.

Kijana wa kwanza, kutoka Dar es Salaam, alituonyesha kurasa zinazong'aa kwenye kompyuta yake kubwa, na mkurugenzi akatabasamu muda wote. Kisha akaingia Tumaini, binti wa Iringa, na shahada yake na kujiamini kwake. Alitueleza kwamba njiani alishuka Chimala makusudi, akaazima simu za wauza mchele sokoni, akafungua makala yangu kuhusu maji ya bonde la Usangu.

Nilimuuliza, kwa ukali, kurasa zake zinahusiana nini na uandishi. Akaniuliza kama nimewahi kusoma makala yangu kwenye simu ya mtu mwingine.

Sijawahi.

Nina desturi ninayojivunia: kabla sijambomoa mpinzani, naeleza hoja yake kwa nguvu zote, vizuri kuliko anavyoieleza mwenyewe. Aya za mwanzo za makala ile zilitetea mpango wa kufunga mapema mifereji ya mashamba ya mpunga. Zilizofuata ziliusambaratisha. Kumbe kwenye simu ndogo tangazo letu la magodoro linafunika hizo zilizofuata, na kitufe cha kuliondoa kinabaki nje ya kioo. Watu wa huku habari ikiwagusa huipiga picha hapohapo kwenye skrini na kuirusha kwenye magrupu. Kwa hiyo kuanzia Chimala hadi Madibira imezunguka ile nusu ya kwanza peke yake.

"Kule wanakujua, mzee," alisema Tumaini. "Wewe ndiye unayetaka mpunga wao ukauke."

Nilipandwa na hasira. Nilisema msomaji makini angetafuta njia ya kuendelea.

"Msomaji wako alikuwa na mteja mbele yake," akasema. "Mpinzani wako umempa ukurasa wa mbele, wewe umelala chini ya magodoro."

Mkurugenzi alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilikuwa nawawaza wakulima wa Madibira. Niliandika kwa ajili yao.

Ukali wa Tumaini si kitu, ninao wa kutosha mwenyewe. Kilichonishika ni kwamba hakurudi nyuma wala kujipendekeza. Nilipojitolea kuanza na msimamo wangu siku zijazo, alikataa hilo pia. Alisema kumsikiliza mpinzani kwanza ni heshima na nisiiache. Kilichoharibika ni ukurasa, na ukurasa ni kazi yake. Wahariri wangapi wameniambia nifupishe, nirahisishe, nipunguze! Huyu ndiye wa kwanza kutaka nisomwe mzima.

Alipotoka, mkurugenzi akasita. Mwenye magodoro atanuna tangazo lake likisogezwa, na binti huyu atagombana na kila mtu. "Na mgomvi ninaye mmoja tayari," akasema akiniangalia.

Nikamwambia akimwacha, atafute na mwandishi mwingine wa safu. Sikuwa natania, na analijua hilo.

Alimpigia mbele yangu. Tumaini hakukimbilia kushukuru. Aliuliza nani atakuwa na neno la mwisho juu ya kitu chochote kinachofunika maandishi. Mkurugenzi akavuta pumzi.

"Wewe," akasema.

Ndipo Tumaini akakubali kuanza Jumatatu, kwa sharti kwamba kazi yake ya kwanza iwe kuitoa upya makala ya maji, yote, na isitoke kabla hajaijaribu kwenye simu za sokoni.

Nimeamua kumwachia meza yangu ya dirishani, mahali pekee ofisini ambapo mtandao haukatiki. Nitanung'unika kidogo, asije akanizoea.