Nyumba Yangu Ndani ya Kofia ya Kompyuta

Alhamisi, mwezi wa saba, 1998. Gakindu.

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Kahawa imelowa, kuku wamejikunyata, na mimi sisikii kitu. Si baridi, si njaa.

Mjukuu wangu Njeri anasema atayapiga chapa haya kwa kompyuta ya chuo ili watu wa mbali wayasome. Haya, wasome. Mimi nilijifunza kuandika nikiwa na mvi, darasa la ngumbaru, kwa hivyo mtu asinisahihishe.

Jana nilienda Nyeri mjini, kwa chuo ambacho Njeri anasomea sanaa. Nilidhani sanaa ni karatasi na rangi. Kumbe kuna mwalimu ameleta kofia nzito ya plastiki, yenye waya mpaka kwa kompyuta. Ukiivaa inakufunika macho, na unaona mahali ambapo hapako. Kila mwanafunzi ameambiwa atengeneze humo ndani nyumba ya zamani ya kwao. Njeri ametengeneza yangu, ile ya udongo na nyasi iliyobomolewa kijana wangu alipojenga hii ya mawe. Tangu mwezi wa nne amekuwa akiniuliza: mlango ulitazama wapi, mafiga yalikaa wapi, nguzo zilikuwa ngapi. Nilimjibu yote huku nikichambua maharagwe.

Mwalimu alitaka mwenye nyumba aje, aingie, aseme kama ndiyo au siyo. Nikisema siyo, msichana anarudia mwaka mzima.

Wakanivika. Nikaona mlango wangu. Mlango wetu ulikuwa mfupi, lazima uiname, na mimi nikainama bila kufikiria, nikagonga paji la uso kwa meza ya mwalimu. Wanafunzi wakacheka.

"Chekeni tu," nikawaambia. "Nyinyi mmezaliwa kwa milango ya twiga."

Ndani kulikuwa na madoa madoa, kama uji wenye mabonge. Nikigeuza kichwa, nyumba inanifuata polepole kama ng'ombe mgonjwa. Hakuna moshi wala harufu ya mbuzi. Lakini mafiga matatu yalikuwa mahali pake. Kitanda changu, mahali pake. Gicegu, pale tulipofungia kondoo wa kunoneshwa, mahali pake. Huyo msichana alinisikiliza vizuri, nitampa haki yake.

Kisha nikageukia upande wa kiriri, pale wasichana wa nyumba hulala.

Ukuta mtupu.

Si makosa ya Njeri. Sikumwambia. Miezi yote hiyo nimetaja mpaka kigingi cha kutundikia kibuyu, lakini kiriri sikukitaja. Wangui alilala pale mpaka siku alipoolewa. Wangui ni binti yangu, mama yake Njeri. Tulimzika mwezi wa pili. Watu walilia, mimi nikagawa chai. Wanawake wa kanisa walisema niko na imani kubwa. Si imani. Ni kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi, tena ganzi imepanda mpaka kifuani na haishuki.

Mwalimu akauliza, "Mama, nyumba ni hii? Iko kamili?"

Nikasema, "Kamili."

Mimi, niliyewachapa watoto wote wa boma hili kwa sababu ya uongo. Wakapiga makofi. Mwalimu akaandika.

Tulipotoka nje Njeri hakunishukuru. Akasema, "Cucu, umedanganya."

"Nani alikufundisha kumwambia mtu mzima amedanganya?"

"Si ni wewe? Ulisimama ukiangalia ule ukuta ni kama unatafuta mlango. Ni nini nimesahau?"

Nikashika desturi haraka. Nikamwambia hapo ni kiriri, na mwanamume mgeni hachungulii kiriri. Angekaribishwa kwa moto, apewe uji, lakini kule hatupi jicho. Na mwalimu wake ni mwanamume, na wasahihishaji wa mtihani wanaokuja Jumatatu ni wanaume. Yote hayo ni kweli. Lakini nilijifunika nayo kama blanketi, na mtoto akaona miguu imebaki nje.

Akaniuliza kitu kimoja tu: "Mami alilala upande gani?"

Nikashika njia ya nyumbani.

Nimemjibu leo asubuhi. Nimemwambia Wangui alilala upande wa ukuta, amejikunja, miguu yake haifiki hata katikati ya kitanda. Kwamba kwa ukuta palikuwa na shimo alilochimba kwa kidole, akila udongo kidogo kidogo, na nilimchapa kwa hilo shimo. Njeri aliandika yote, machozi yakianguka kwa karatasi. Mimi nilishika kikombe. Chai ilipoa nikiwa nimekishika.

"Kitengeneze," nikamwambia. "Lakini mwanamume akivaa hiyo kofia aone ukuta tu. Asiingie."

"Cucu, kompyuta haijui nani ni mwanamume."

"Basi kaa karibu na hiyo waya uichomoe."

Akacheka na pua imejaa makamasi. Anasema anaweza kuweka mlango ambao haufunguki mpaka yeye mwenyewe abonyeze. Anataka niwe wa kwanza kufunguliwa. Wasahihishaji watauona ukuta, na wakiuliza kuna nini nyuma yake wataambiwa ni kwa wasichana. Hiyo inawatosha.

Kwa hivyo Jumatatu narudi mjini. Nitasimama mbele ya hao walimu na wale watoto waliocheka, niseme nilidanganya, nyumba haikuwa kamili, na kosa ni la mwenye nyumba, si la msichana. Wakimrudisha mwaka kwa uongo wangu, watanisikia mpaka Mukurweini. Zamani kukiri hivyo mbele ya watu kungenikosesha usingizi. Sasa kwangu ni kama kwenda kuteka maji.

Kinachonisumbua ni kingine. Njeri atabonyeza, mlango utafunguka, nami nitakiona kile kitanda, na lile shimo la ukutani.

Na nikiivua hiyo kofia macho yangu yakiwa makavu vilevile, nitamwambia nini mtoto wa Wangui?