Heda ya Kulia ya Gari la Baba

Mdogo wangu mpendwa,

Bwana asifiwe huko uliko, kama kweli uko mahali ambapo Bwana anasifiwa.

Jana nimeiona heda ya gari la Baba. Ile ile uliyoifungua kwenye injini ukaondoka nayo, ukisema unaenda Uganda kuitafutia pacha wake. Iko Malaba, katika duka la vyuma vya zamani nyuma ya foleni ya malori.

Unakumbuka gari lile likibeba maharusi Amagoro? La Kimarekani, silinda nane, wewe na mimi tumebanwa nyuma na shela la bibi harusi. Baba alikuwa anazima redio ili watu wasikie injini. Halafu heda ya kushoto, lile bomba la matawi manne linalotoa moshi kwenye injini, ikaoza, na gari likaanza kukohoa. Wewe ukachukua ya kulia iliyo nzima, iwe sampuli. Mwanzoni tulikungoja. Baadaye watu wakasema umeiuza kwa kilo, ukainywa. Mimi sikusema. Niliwaza tu.

Tangu hapo, kila nikienda kuchukua mitumba, nauliza wenye vyuma. Wana wimbo mmoja.

"Mama, leta sampuli."

"Sampuli iko na mdogo wangu."

"Na yeye yuko wapi?"

"Ningejua, ningekuwa hapa nakuuliza wewe?"

Jana nikaiona inaning'inia ukutani. Nikapapasa tawi la pili, nikakuta kiraka cha welding alichoweka Baba, kimevimba kama kovu la chanjo. Nikauliza kama mtu asiye na haja, "Boss, hii ni pesa ngapi?"

"Hiyo haiuzwi, mama. Kuna jamaa aliniachia. Anataka ya kushoto, atapita tena kuangalia kama nimepata."

Mpaka huu umenifundisha kwamba kitu kisichouzwa ndicho kinachopandishwa bei. Nikamtega. "Ni yule mrefu, mweupe?"

"Mrefu wapi? Ni mfupi, mweusi, na hawezi kugusa soda kabla ya kuiombea. Hata yangu aliiombea, ikapoa gesi."

Basi ni wewe. Ingawa matapeli wa hapa pia huomba, tena kwa sauti. Labda hata ulimfundisha la kusema. Nikamuuliza ulipita lini.

"Kabla ya mvua hizi."

Ndugu yangu, hapo ndipo niliposhikwa na baridi. Kutoka Malaba hadi nyumbani ni boda moja tu. Ulikaa pale ukanywa soda, ukageuka ukarudi ulikotoka. Mtu asiye na neno hapiti boma la baba yake hivyo. Usiku kucha nimegeuza jambo hili kama chapati. Kuna mwanamke? Kuna kesi? Au ni yale maneno ya Baba langoni, "Usinirudie bila hiyo kitu"? Kama ni hayo, umeyashika kuliko alivyoyasema.

Heda nimeiacha ukutani. Nikiichukua, utarudi Malaba kufuata nini? Barua hii naiacha kwa muuzaji, na sikuifunga, maana nikiifunga ataifungua. Na wewe boss unayeisoma kwanza, Mungu anakuona. Mpe mwenyewe.

Baba sijamwambia kitu, kwa sababu bado sijui nikuamini kiasi gani. Lakini ujue macho yake yameingia ukungu. Wageni huwatambua kwa hatua zao tu. Ukipita langoni hataona umebeba nini, au kama hujabeba. Kama una neno lingine unaloficha, niambie mimi kwanza, tutalipigia magoti. Ila upite.

Anayekuombea na kukushuku,

Dada yako