Seshwari iko juu ya kabati

Joselyne,

Naandika nimesimama, benzangu ba kuuza samaki ba sambaza bananingoja tuvuke kwenda Bukavu. Mboga ya sombe iko kwenye sufuria, batoto bale kwanza.

Seshwari ya kukaushia nywele usiiguse mpaka nirudi. Hapana, hiyo nafuta. Iko juu ya kabati langu. Futa maji ya nywele na taulo kwanza, weka moto wa katikati, usiisogeze karibu sana na kichwa kama leo asubuhi. Mafuta yanapakwa mwisho. Ule moshi ulikuwa wa mafuta, mimi nikaona ni wewe unaungua, ndiyo maana nikachomoa waya na kukufokea.

Lakini kuniambia mbele ya Papa yako kwamba mimi ninajua kunyoa tu, hilo limeniuma. Kila muhula nilikunyoa mwenyewe kwa sababu shule ilitaka hivyo, si mimi. Sasa umemaliza shule, nywele zimeota.

Mbele jikaushie. Nyuma, pale mkono wako haufiki, tutalowesha tena jioni, nikaushe mimi. Tangu uanze shule, nywele zako nimekuwa nazifagia tu. Kuzichana bado.

Maman