Picha ya Jepleting

Kiamunyi, 3 Machi 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, natumaini wewe na binti yangu Jepleting hamjambo. Kwa vile simu huko bado haishiki, Kipruto wa lori la maziwa atakuletea barua hii na sukari. Usimruhusu aanze hadithi zake, hamtamaliza.

Kiwandani nimechaguliwa katibu wa kamati ya kumchangia Akeyo, mtoto wa mwenzetu Ogola, anayehitaji upasuaji wa moyo. Tutafanya matembezi tarehe kumi na tano. Ogola alikataa katakata kutoa picha. Anasema uso wa mgonjwa hautembezwi. Bosi naye alitaka bango siku hiyo hiyo. Basi nikaweka ile ya Jepleting akiwa na mafua, amejifunika blanketi. Usinigombeze. Ogola ameliona, akasema mradi si uso wa mwanawe, yeye hatasema kitu. Watu wameguswa ajabu, kila asubuhi wanasimama hapo kumwombea.

Mwanao, Jepkemei

Olenguruone, 8 Machi 2025

Mwanangu Jepkemei,

Asante kwa sukari. Mimi sijambo, ila mgongo na hasira. Yaani ulichukua uso wa mtoto wako ukawapa watu wasiomjua? Huyo Ogola ana akili kukushinda.

Jepleting si mzima. Kwa wiki sasa anahema akipanda kutoka mtoni, na midomo inageuka buluu. Jana aliniuliza mimi nyanya yake, "Kogo, hao watu kwa fence wanataka nani?" Nikatazama kwenye ua, hakuna mtu. Akasema wamevaa fulana nyeupe zenye picha yake. "Wanaita jina la mtu mwingine, lakini wananiangalia mimi."

Naogopa, mwanangu. Waambie wenzako ukweli kabla ya hayo matembezi.

Mamako

Kiamunyi, 15 Machi 2025

Mama,

Hamjambo? Nijibu hilo kwanza.

Sikuwaambia. Niliogopa kuitwa tapeli na kufutwa kazi. Nikasema matembezi yapite. Lakini Mama, ulipoandika, fulana zilikuwa hazijachapishwa. Sue wa kamati alizileta jana: nyeupe, uso wa Jepleting kifuani.

Leo basi lilitushusha njiani, tukatembea hadi Kariandusi, kwenye machimbo yenye vumbi jeupe. Ogola alikuwa akilia kwa furaha. Hospitali imempima Akeyo tena, na moyo ni mzima, hauhitaji kupasuliwa. Tulipofika mwisho nikaona mtoto katikati yetu, hana viatu, amevaa gauni la kulalia la Jepleting. Nikamwita. Akanipungia mkono, akaendelea kutembea na kundi lililokuwa mbele. Sue anasema hakukuwa na kundi mbele, sote tulikuwa tumesimama.

Niambie yuko nyumbani. Jumatatu naomba ruhusa nije.

Jepkemei

Olenguruone, 16 Machi 2025

Jepkemei,

Yuko nyumbani. Hajatoka kitandani tangu Ijumaa. Anapumua, lakini nikimwita haitiki.

Jana asubuhi miguu yake ilianza kusonga chini ya blanketi, kama mtu anayetembea, na mpaka sasa haijasimama. Nyayo zimechubuka. Zina vumbi jeupe, na huku kwetu udongo ni mwekundu. Nimeziosha mara tatu, linarudi.

Usije kwanza. Nenda kiwandani, wasimamishe wote, uwaambie huyo wanayemwombea ni mtoto wa nani. Mimi naishika hii miguu niwezavyo, lakini anakwenda kwa nguvu, na mikono yangu imeanza kuchoka.

Mamako