Nta Masikioni mwa Mama wa Mapasa

Jadotville (sisi bado tunasema Likasi),
tarehe 19 Agosti 1962

Kwa dada yangu mpenzi, yaya Bibiane,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako Mélanie, na kutoka kwa mume wangu Mathieu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akisoma kila neno mpaka nimemfukuza. Hali yenu huko Bukama ikoje? Kifua cha shemeji kimepona? Watoto wamerudi shuleni, au shule bado imefungwa kwa ajili ya mambo haya ya vita? Sisi huku tu wazima. Kiangazi kimetupasua midomo na vumbi la machimbo ya mawe ya Kakontwe linatupaka weupe kila upepo ukivuma, lakini uzima tunao, tunamshukuru Mungu. Barua hii nampa Aruna, mume wa jirani yangu Fatu, maana yeye na lori lake bado wanapita mahali ambapo posta imeshindwa.

Nina habari kubwa, yaya, na nataka kuiandika kwa mpangilio wake. Nakujua wewe, barua unaianzia mstari wa mwisho. Leo nakuomba ujizuie.

Unayajua masikio yangu tangu utoto. Wewe ndiwe uliyekuwa ukibeba kinu nyuma ya nyumba kila ulipotwanga majani ya sombe, ili mimi nisipige mayowe. Mama alisema nitakua na jambo hilo litaisha. Nimekua, halijaisha. Na hapa katika kambi ya wafanyakazi nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta. Huyu ana redio, yule anatwanga, watoto wanapiga makopo, king'ora cha kiwanda kinaita watu kazini, na tangu Katanga ijitenge malori ya askari yanapita barabarani petu kana kwamba hakuna barabara nyingine duniani. Wenzangu kelele zinawapita tu. Mimi zinaniingia mpaka kwenye meno. Moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, na nisipokimbia natapika palepale.

Ndiyo sababu mwaka jana nilikimbia matanga ya baba mkwe. Habari hiyo nilikuandikia, lakini sikukuandikia yaliyofuata. Watu walisema nina moyo wa jiwe, mkwe gani asiyeweza kukaa na wenzake kulia. Wengine walisema wazi kwamba nina bwanga, kwamba dawa zangu za kichawi haziwezi kustahimili nyimbo za kanisa. Mama mkwe wangu, mama Adrienne, hakujiunga nao. Aliendelea kunipakulia ugali, lakini akinitazama kwa pembeni, na mimi nilijua siku yangu inakuja.

Basi ilikuja kwa njia hii. Nilipokuwa na mimba, muuguzi wa maternité aliweka ile pembe yake juu ya tumbo langu, akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akaniambia nisiogope, ndani kuna mioyo miwili. Mapasa, yaya! Mathieu alifurahi mpaka akakalia kofia yake ya kazi na kuikunja. Mimi nilifurahi pia, nikarudi nyumbani nikiimba. Nilipofika mlangoni nikakumbuka nyimbo za mapasa, na furaha yote ikanitoka.

Wewe mwenyewe unajua mapasa hawapokewi kimyakimya kama watoto wengine. Watu wanakuja na majembe, masufuria, mabati na ngoma. Wanapiga, wanaimba matusi, wanamtukana baba, wanamtukana mama, wanatukana wakwe wa pande zote mbili, na mama lazima aketi mbele yao na watoto wake mapajani, acheke, na aitikie. Akikasirika au akikimbia, wazee wanasema amewakataa watoto, na mapasa wanaokataliwa hurudi walikotoka. Sisi ni watu wa kanisa, ndiyo, mume wangu amesoma shule ya misheni ya Mulungwishi, lakini katika jambo hili hata shemasi anakuja na sufuria lake.

Jioni ileile mama mkwe aliniita jikoni. Aliniambia maneno niliyoyashika moja baada ya jingine: «Mélanie, minye sina ubaya na weye. Lakini ukikimbia nyimbo ya batoto, batoto batabaki na dada yangu ku kijiji, na weye utarudi kwenu kupumuzisha masikio.» Nilimtazama Mathieu. Alikuwa akitazama viatu vyake. Kwa hiyo ndivyo mambo yalivyokuwa, yaya: nikae nisikie nyimbo zote, au nipoteze watoto wangu wote wawili kwa sababu ya masikio yangu.

Nilianza kutafuta kitu cha kuzibia masikio. Usicheke, au cheka, maana sasa hata mimi nacheka. Nilianza na pamba ya dispensari. Pamba inawasha, inadondoka ukiinama, na kelele zinapita katikati yake bila hata kubisha hodi. Nikajaribu ule moyo laini wa mkate. Siku ya kwanza ulikuwa mzuri, siku ya pili ulikauka ukanichuna, siku ya tatu niliamka na sisimizi sikioni. Nikayeyusha kidogo mshumaa wa kanisani, ukagandia ndani na kuvunjika, na yule muuguzi wa mapasa akautoa kwa kikoleo huku akiniuliza kama natafuta kuwa taa. Mathieu, kwa aibu ya ile jioni ya kutazama viatu, aliniletea vizibo vya mpira wanavyopewa watu wa kutoboa mawe kule machimboni. Vilikuwa vigumu na vinene kama kizibo cha ile chupa kubwa ya dame-jeanne. Nilivivaa asubuhi moja na masikio yakavimba mpaka sikuweza kulala ubavu.

Kisha nikaenda mjini, kwenye duka la dawa la Wazungu. Nilieleza haja yangu kwa Kifaransa changu chote. Muuzaji akanitolea kiboksi kidogo kizuri kutoka Ulaya, ndani yake tufe za rangi ya waridi zimelala kama mayai ya ndege. Akanitajia bei. Nilikirudisha kiboksi juu ya meza taratibu, kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto wa mwenzake. Lakini kabla hajakichukua nilisoma maandishi ubavuni. Yalikuwa maneno mawili tu ya maana: cire, coton. Nta na pamba! Yaya, nilicheka peke yangu mle dukani mpaka yule bwana akaniuliza kama naumwa.

Kwa sababu nta naijua inakokaa. Fatu, jirani yangu, anakamua asali katika ua wake. Aruna humletea masega kutoka msitu wa upande wa Kamatanda, Fatu anauza asali, na nta anaitupa pembeni au anawapa mafundi viatu. Nilimweleza shida yangu yote, nikilia kidogo. Fatu hakunihurumia hata kidogo, aliniambia niache machozi nikawashe moto. Ndivyo alivyo, na ndiyo maana nampenda.

Tulikosea mara nyingi. Nta peke yake ilikuwa ngumu. Tuliongeza mafuta ya mawese, ikawa laini lakini ikateleza na kunichora shingo nyekundu, Mathieu akadhani nimeumia. Mwishowe Fatu aliniletea mafuta ya mbarika, tone tu, na mimi nikachambua pamba nyembamba sana nikaikanda pamoja na nta ingali vuguvugu. Tukapata kitu kinachofinyangika kwa vidole viwili. Unakipasha joto mkononi, unakibonyeza mlangoni mwa sikio bila kukisukuma ndani, unaacha pembe kidogo ya kukivutia. Hakiwashi, hakiumizi, na unaweza kulalia ubavu nacho. Nilikivaa, nikaketi katika ua wa Fatu akitwanga. Kinu kilikuwa mbali, kama kimehamia mtaa wa pili. Lakini Fatu aliponiuliza kama kinafaa, nilisikia kila neno. Ukali umekwenda, sauti za watu zimebaki. Nilimkumbatia na unga wake wote.

Ila niliificha nta hiyo. Fikiria mwenyewe: mkwe ambaye tayari anasemwa, aonekane ameziba mwili wake kwa nta na pamba. Hapa kwetu hilo ni bwanga tayari, hakuna atakayeuliza zaidi. Fatu aliapa hatasema. Mathieu nilimwambia, akanisaidia kunyamaza, na katika kunyamaza mume wangu ana kipaji.

Sasa ndiyo habari yenyewe. Mwezi uliopita nilijifungua, mtoto wa kiume kwanza, halafu wa kike, wote wazima, wote wana hasira. Kyungu na Kabange, majina ya mapasa wote wa kwetu! Wewe ni yaya wa mama wa mapasa, jitayarishe kutukanwa utakapokuja.

Siku ya nyimbo ilipofika ua ulijaa mpaka barabarani. Nilikuwa nimeketi mlangoni, watoto mapajani, nta masikioni, kilemba juu. Wakaanza. Mabati, majembe, mapipa, na fundi mmoja wa karakana alikuja na kengele ya reli. Nilingoja ule mtetemeko wa mikono, haukuja. Na kilichonishangaza, yaya, ni kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisikia maneno ya nyimbo. Siku zote nilikuwa nasikia maumivu tu. Kumbe ni maneno ya kuchekesha hivi! Wakaimba: «Mama ya mapasa, tumbo sawa pipa, ulimeza nani?» Nikawajibu kwa sauti: «Nilimeza babu yenu, njo mumuchukue!» Ua mzima ukapasuka. Wanaume waliegemeana kwa kucheka. Nilisimama nikacheza, mtoto mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, nikawatukana wakwe zangu mmoja mmoja kwa jina, na kadiri nilivyowatukana ndivyo walivyonipenda.

Kisha mama mkwe akaja na pemba, ule udongo wa kumpaka mama wa mapasa. Nilikuwa nimesahau. Ile pemba nyeupe hupakwa kwenye paji la uso, kwenye mashavu, na nyuma ya masikio. Alipaka paji. Alipaka mashavu. Akafunua kilemba changu, kidole chake kikagusa ile pembe ya nta, kikasimama. Nilimtazama usoni na moyo wangu ulikufa. Watu wote walikuwa wakituangalia. Neno moja tu kutoka kwake, watoto wangu wangeondoka.

Alipaka nyuma ya sikio moja, akapaka nyuma ya la pili. Halafu akashika kilemba changu, akakishusha chini, akakifunga upya kwa nguvu mpaka kikafunika masikio yote. Akageuka kwa watu, akainua mikono, akaanzisha wimbo mwenyewe, tena wimbo wa matusi makubwa kuliko yote ya siku ile.

Watu walipoondoka na watoto wakalala, alikuja akaketi karibu nami kwenye mkeka. Aliomba aone. Nilizitoa nikampa, nikamweleza kila kitu tangu mkate mpaka mafuta ya mbarika. Alizigeuza kiganjani muda mrefu. Halafu, yaya, mwanamke yule ninayemwogopa kuliko wazungu wa bunduki alianza kulia.

Unajua jina la nyumbani la Mathieu ni Kabange, kama mtoto wangu wa pili, maana naye alizaliwa pasa. Kyungu wake alikufa mdogo, na nyumbani hakuna anayemtaja. Mama mkwe aliniambia kwamba siku ya nyimbo zake yeye mwenyewe, kijijini, ngoma zilimwingia mpaka kwenye meno. Alitumia maneno hayohayo yangu. Aliwaweka watoto mkononi mwa wifi yake akakimbilia shamba la mihogo, akarudi jua limezama. Kabla ya mvua homa ikamchukua Kyungu, na wazee wakasema amerudi kwa sababu mama yake alimkataa. Ameyabeba maneno hayo tangu siku hiyo. Kila ngoma, kila matanga, amekaa akiuma meno, asikimbie tena. Aliponiona nikikimbia matanga ya mume wake hakunichukia. Alijiona mwenyewe, akawaogopea watoto wangu.

Nilimshika mikono nikamwambia homa ndiyo iliyomchukua Kyungu, si miguu yake. Nilimwambia mara nyingi, mpaka akaitikia kwa kichwa. Akaniomba nimwambie na Mathieu, kwa kuwa yeye asingeweza. Nilimwambia. Safari hii Mathieu hakutazama viatu, alikwenda akamkumbatia mama yake, na walikaa hivyo hadi watoto walipoamka kutudai.

Kesho yake tulikwenda wote wawili kwa Fatu kukanda nta. Sasa malori ya askari yakianza kupita, mimi na mama mkwe tunaketi uani tunamenya mihogo, kila mtu na nta yake, hatusemezani hata neno moja, tunatabasamu tu. Majirani wanasambaza habari kwamba tumegombana vibaya sana.

Nisalimie shemeji, watoto, na wote wanaotuuliza. Aruna amebeba pia kifurushi kidogo cha majani ya mgomba, ndani mna asali ya watoto. Njia ikifunguka, njoo uone wajukuu wa mama yetu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Mélanie, mama ya Kyungu na Kabange